Bomba la risasi kwenye nyumba ya zamani: umwage, uchuje au ung'oe?

Tangu Oktoba 2024 kila mamlaka ya maji nchini Marekani inatakiwa iwe na orodha ya mabomba yanayotoa maji barabarani na kuyaingiza majumbani. Nyumba ambayo bomba lake ni la risasi, au halijulikani ni la nini, hutumiwa barua. Barua hiyo huja kwa Kiingereza kigumu cha ofisini, na ni rahisi kuichanganya na matangazo ukaitupa. Usiitupe. Tafuta ndani yake neno lead likiwa karibu na maneno service line. Hiyo lead ndiyo risasi, madini yale yale ya risasi za bunduki, ambayo vitabu vya kemia huyaita pia plumbi.

Jambo hili linawagusa Waswahili wengi walio ughaibuni, kwa sababu nyumba za kodi nafuu katika miji ya Amerika Kaskazini na Uingereza mara nyingi ndizo za zamani. Chicago ililazimisha mabomba ya risasi hadi 1986, mwaka ambao sheria ya taifa iliyapiga marufuku, na yaliyobaki huko yanakadiriwa kufika 400,000. Kanada yaliruhusiwa hadi 1975. Uingereza, nyumba ya kutiliwa shaka ni iliyojengwa kabla ya 1970.

Maji hutoka kwenye mtambo wa mji yakiwa hayana risasi. Huiokota njiani, hasa yanapolala bombani usiku kucha. Anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo, kwa sababu karibu chakula chake chote ni maji. Wanaofuata ni mimba, kisha watoto walio chini ya miaka 6, ambao ubongo wao bado unajengeka. Kuoga na kufua hakuna tatizo, kwani risasi iliyo majini haipenyi ngozi.

Na hili lisemwe mapema, kwa sababu ni mazoea tuliyolelewa nayo: kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini risasi haigeuki mvuke. Maji yakipungua, risasi inabaki sufuriani ikiwa nzito zaidi. Sufuria ya maharage inayotokota saa mbili, ikiongezwa maji kila yanapokauka, inakusanya risasi ya maji yote yaliyotiwa.

## Kwanza hakikisha

Tafuta mahali bomba linapoingilia nyumbani. Marekani mara nyingi ni besimenti, karibu na mita. Uingereza ni chini ya sinki la jikoni au chini ya ngazi, penye koki kuu. Futa vumbi, kisha weka sumaku. Ikinata, hilo ni bomba la chuma lililopakwa zinki. Isiponata, likwangue taratibu kwa ukingo wa sarafu. Shaba itaonyesha wekundu wake. Risasi ni laini, inakwanguka bila kutumia nguvu, na chini ya ule ujivujivu unatokea mstari unaong'aa kama fedha mpya. Dalili nyingine ni maungio yake, yaliyovimba katikati kama nyoka aliyemeza yai. Usitumie msasa, usije ukatimua vumbi la risasi, na ukimaliza nawa mikono.

Ukikuta bomba la chuma usishangilie haraka. Kama kabla yake, upande maji yanakotoka, kuna bomba la risasi, au liliwahi kuwepo, kutu iliyo ndani ya chuma huwa imeinyonya risasi kwa miaka mingi na huiachia kidogo kidogo. Kwa kanuni za Marekani bomba la namna hiyo nalo huhesabiwa kuwa la kubadilishwa.

Kisha pima maji. Yaache yalale bombani saa 6 au zaidi. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajavuta maji ya choo, kinga lita ya kwanza kwenye chupa ya maabara, endelea bila kufunga koki, na ukinge tena lita ya 5. Lita ya kwanza inaeleza hali ya koki na mabomba ya ndani. Ya tano inakaribia zaidi maji yaliyolala kwenye bomba la kutoka barabarani. Baadhi ya miji hutoa chupa na kipimo bure. Chicago, kwa mfano, unapiga 311.

Majibu huja kwa mikrogramu kwa lita. Kanada imeweka ukomo wa 5. Uingereza ni 10, sawa na Shirika la Afya Duniani. Marekani mamlaka hulazimika kuchukua hatua penye 15, na kanuni iliyopitishwa 2024 inashusha namba hiyo hadi 10. Zisome kama namba za kuzisimamia mamlaka za maji. Kwa mtoto, hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Tena jibu zuri la siku moja halilisafishi bomba: chembe ya risasi inaweza kubanduka kesho na kuingia kwenye glasi moja tu.

## Jinsi tutakavyozilinganisha njia

Njia za kujikinga ni nne, na kila moja tutaiuliza maswali yale yale manne: inaondoa risasi kiasi gani, inagharimu nini na inahitaji ruhusa ya nani, inaharibikia wapi, na inamfaa nani.

## Njia ya 1: Kumwaga maji yaliyolala

Inaondoa kiasi gani. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 19 na urefu wa mita 20 linabeba karibu lita 5.7. Koki ya jikoni ikifunguliwa vizuri hutoa kama lita 6 kwa dakika. Maana yake dakika moja ndiyo kwanza inayasukuma nje maji yaliyolala, na ili bomba lisukutuliwe unahitaji kama mara tatu ya hapo. Kipimo kisichohitaji saa ni ndoo: asubuhi, na kila mnaporudi baada ya nyumba kukaa tupu mchana kutwa, jaza ndoo ya lita 20 kwa maji baridi, ndipo ukinge ya kunywa na kupikia. Hapo risasi iliyoyeyuka hupungua sana. Haiishi, kwa sababu maji mapya nayo yanapita kwenye bomba lile lile.

Gharama na ruhusa. Bili ya maji huongezeka kidogo tu, na huhitaji kumwomba mtu. Maji ya ndoo yanafaa kudekia, kufulia na chooni. Kama mtu ameoga kwa dakika tano, au mashine ya kufulia imejaa, kazi kubwa imeshafanyika. Jikoni fungulia dakika moja zaidi.

Inapoharibikia. Kwanza, chembe. Zinabanduka wakati wowote, hasa barabara ikichimbwa jirani au mita ikibadilishwa, na ndoo haizizuii. Nyingi hunasa kwenye kile kiwavu kidogo kilichofungwa mdomoni mwa koki, zikakaa hapo na kuyeyuka ndani ya kila glasi. Kifungue kila mwezi, kikung'ute, kisuuze. Pili, koki ya maji ya moto: watu hujaza birika la chai kwayo ili lichemke upesi, na maji ya moto huyeyusha risasi zaidi ya maji baridi. Tatu, usahaulifu. Siku ya kuchelewa kazini ndiyo siku ambayo ndoo haijazwi.

Inamfaa nani. Nyumba ya watu wazima watupu, au kila nyumba kwa siku chache kabla chujio halijafika. Penye mtoto mchanga hatuishauri isimame peke yake.

## Njia ya 2: Chujio la koki au la jagi

Inaondoa kiasi gani. Chujio sahihi, likitumiwa ipasavyo, hushusha risasi hadi kiasi kidogo mno, iliyoyeyuka na chembe pia. Shida ni kulitambua lililo sahihi. Machujio hujazana madukani yakiwa yanafanana, na mengi ni ya kuondoa harufu ya klorini tu. Kwa Amerika Kaskazini geuza boksi usome: panatakiwa paandikwe NSF/ANSI 53, alama ya kiwango cha ubora wa machujio ya maji, na kwenye orodha ya vitu vinavyopunguzwa risasi itajwe waziwazi. Likiandikwa NSF/ANSI 42 peke yake, litakupa ladha nzuri na risasi yako utakunywa vilevile. Kipimo cha 53 ni kikali: maji yenye mikrogramu 150 za risasi kwa lita yanapitishwa humo na hayatakiwi kutoka na zaidi ya 5.

Gharama na ruhusa. Chujio la kufunga kwenye koki, au jagi, mara nyingi hupatikana kwa dola 25 hadi 45. Hakuna kutoboa, hakuna ruhusa ya mwenye nyumba, na ukihama unaondoka nalo. Baadhi ya miji huyagawa bure kwa nyumba zenye bomba la risasi, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Pesa inaendelea kutoka kwa kununua katriji, yaani kile kiini cha chujio kinachobadilishwa, na hapa ndipo hesabu inapowakosesha watu.

Katriji nyingi za koki hubeba galoni 100, yaani lita 378, na huandikwa miezi 3. Katriji za jagi zilizoidhinishwa kwa risasi nyingi hubeba kama lita 450, na huandikwa miezi 6. Miezi hiyo ilipangwa kwa watu wawili wanaokunywa glasi chache. Chukua nyumba ya watu sita, chai asubuhi, ugali au wali mchana na jioni, maharage, uji wa watoto: lita 10 kwa siku si nyingi. Kwa lita 10, katriji ya koki inakwisha siku ya 38 na ya jagi siku ya 45. Andika tarehe ya kuibadilisha kwenye kipande cha plasta, ubandike juu ya chujio. Taa ndogo za kuonyesha uhai wa katriji nyingine huhesabu siku tu, hazijui umepitisha maji kiasi gani.

Inapoharibikia. Maji ya moto yakipitishwa humo, katriji inaweza kuharibika na hata kuachia ilichokishika. Koki yenye kichwa cha kuvuta kwa mpira haiwezi kuvishwa chujio, hapo itakubidi jagi. Jagi nalo likianza kutiririsha polepole watu huchoka na kurudi kwenye koki tupu. Na chujio la jikoni linalinda jikoni tu: mtoto anayepiga mswaki bafuni anakunywa maji ya bafuni. Mjazie kikombe jikoni aende nacho.

Usichanganye chujio hili na lile kubwa la nyumba nzima linalofungwa baada ya mita. Lile halizuii risasi inayotoka kwenye lehemu na koki za ndani, na likiondoa klorini linayaacha mabomba yote bila kinga dhidi ya bakteria.

Inamfaa nani. Mpangaji, mwenye watoto, anayesubiri mji ufike mtaani kwake, na aliyemaliza kubadilisha bomba hivi karibuni.

## Njia ya 3: Mtambo wa osmosisi chini ya sinki

Inaondoa kiasi gani. Maji husukumwa kupita kwenye utando wenye matundu madogo mno, na karibu risasi yote hubaki nyuma. Alama ya kutafuta ni NSF/ANSI 58 yenye kutaja risasi. Penye majibu ya juu sana, au penye shida nyingine pamoja na risasi, kwa mfano nitrati au aseniki kwenye maji ya kisima, mtambo huu unafanya kazi ambayo jagi haliwezi.

Gharama na ruhusa. Mara nyingi dola 150 hadi 400, bila fundi. Unahitaji tundu la koki ya pili kwenye sinki na kiungo kwenye bomba la maji machafu, kwa hiyo mpangaji apate ruhusa kwa maandishi. Machujio ya awali hubadilishwa kila miezi 6 hadi 12, utando kila miaka 2 hadi 3. Mingi humwaga lita 3 au zaidi kwa kila lita 1 inayotoa. Mwenye bili kubwa ya maji alitie hilo hesabuni.

Inapoharibikia. Tangi lake dogo likiisha, unasubiri, na jikoni la familia kubwa litalimaliza kabla ugali haujaiva. Presha ya nyumba ikiwa ndogo maji hutoka kwa matone. Kosa la ufundi la kuogopwa zaidi ni kuunganisha maji yaliyotoka mtamboni na bomba la zamani la shaba au koki ya zamani ya brasi. Maji hayo hayana madini, yana njaa, na yataila risasi ya kwenye lehemu na brasi upya. Kuanzia kwenye utando hadi kwenye glasi papite mpira wa plastiki na koki mpya tu.

Inamfaa nani. Mwenye nyumba yake, au mpangaji wa muda mrefu mwenye ruhusa, anayetaka kuepuka kununua katriji kila mwezi.

## Njia ya 4: Kung'oa bomba lote

Inaondoa kiasi gani. Chanzo kikuu kinaondoka. Kinachobaki ni lehemu ya kabla ya 1986 (Uingereza 1987), koki za zamani, na mabomba ya chuma yaliyokwisha kuinyonya risasi. Hizo za ndani zinaweza kubadilishwa polepole, kwa kuanzia koki ya jikoni.

Neno zito hapa ni lote. Bomba lina vipande viwili: cha mamlaka, kutoka bomba kuu hadi mpakani, na cha mwenye nyumba, kutoka mpakani hadi ndani. Kukata nusu ya risasi na kuungia shaba mbele yake ni kutumia pesa kujiletea sumu. Msumeno unatikisa magamba yaliyotulia miaka 60, na risasi ikigusana na shaba ndani ya maji huzuka umeme mdogo unaoila risasi haraka zaidi. Risasi majini inaweza kupanda na kukaa juu kwa miezi. Illinois, jimbo ilipo Chicago, imeshapiga marufuku kubadilisha nusu, na fundi yeyote anayekupa bei nafuu ya upande wako peke yake mwombe kwanza tarehe ambayo mamlaka itakuja kufanya upande wao. Ikiwezekana iwe siku ile ile.

Gharama na ruhusa. Marekani ni maelfu ya dola, na Chicago hupita 10,000 kirahisi. Lakini usitoe mfukoni kabla ya kuuliza. Kanuni ya 2024 inazitaka mamlaka ziyaondoe mengi ya mabomba haya ndani ya miaka 10 kuanzia 2027, na miji mingi ina mpango wa bure au wa ruzuku kwa wenye kipato kidogo. Newark, New Jersey, ilibadilisha mabomba zaidi ya 20,000 kwa takriban miaka mitatu bila kuwatoza wakazi. Uingereza kampuni nyingi za maji hubadilisha kipande chao bure ukishaamua kubadilisha chako. Anayesaini ni mwenye nyumba. Mpangaji anaweza kumpelekea barua ya mamlaka na majibu ya maabara, abaki na nakala.

Kazi yenyewe mara nyingi humalizika kwa siku moja. Udongo ukikubali, hawachimbi mtaro mrefu: huchimba shimo kila upande, hufunga waya kwenye bomba la zamani na kulivuta, jipya likifuata nyuma yake. Marekani jipya huwa la shaba au plastiki. Uingereza ni plastiki ya buluu ya milimita 25, iliyofukiwa angalau milimita 750. Kuna pia njia ya kulivika bomba la zamani ngozi ya plastiki kwa ndani bila kulitoa. Inafaa pale bomba linapopita chini ya ukuta au sakafu isiyochimbika, mradi halina kona nyingi.

Inapoharibikia. Siku zinazofuata. Fundi akiondoka, fungua viwavu vya koki zote, kisha fungulia maji baridi kwa nguvu kuanzia ghorofa ya chini kwenda juu, kwa dakika 30 au zaidi, ndipo usuuze viwavu na kuvirudisha. Usiwashe hita ya maji wala mashine ya barafu kabla ya hapo. Endelea na chujio kwa miezi 6, na upime tena kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Jingine husahauliwa kabisa: nyumba nyingi za zamani hutumia bomba la maji kama waya wa ardhi wa umeme. Bomba likiwa plastiki, njia hiyo imekatika. Fundi umeme alikague kabla ya kazi.

Inamfaa nani. Mwenye nyumba anayekusudia kukaa, na kila aliyefikiwa na mpango wa bure.

## Kwa hali yako

Unapanga na una mtoto anayekunywa maziwa ya kopo: nunua leo chujio la 53, na hadi lifike changanya maziwa kwa maji ya chupa. Ndoo ya asubuhi iendelee, kwa kuwa inaipunguzia katriji mzigo.

Unapanga, ninyi ni watu wazima tu, na kipimo kimeonyesha kiasi kidogo: ndoo na kusafisha viwavu vinaweza kutosha. Siku mtu akishika mimba, mpango ubadilike siku hiyo hiyo.

Unaishi kwenye jengo la fleti nyingi: bomba la kuhudumia jengo kubwa kwa kawaida ni pana kuliko yale ya risasi yalivyotengenezwa, kwa hiyo shaka zaidi ni lehemu na koki. Pima lita ya kwanza kabla ya kununua chochote.

Unataka kununua nyumba ya zamani: kwangua bomba siku ya ukaguzi, angalia orodha ya mamlaka, na bei ya kung'oa iingie kwenye mazungumzo kabla hujasaini.

Nyumba ni yako, pesa haipo, na mtaa wako haujafikiwa: jiandikishe kwenye mpango wa mji, kaa na chujio au mtambo wa osmosisi, na pesa iliyotengwa kwa nusu ya bomba ibaki benki hadi pande zote mbili zitakapokuwa tayari.

Mmefika Marekani kama wakimbizi: watoto wa miezi 6 hadi miaka 16 hushauriwa kupimwa risasi katika damu ndani ya siku 90, na wadogo warudiwe miezi 3 hadi 6 baadaye. Kipimo cha pili kikizidi cha kwanza, huenda risasi inatoka huku mnakoishi sasa. Angalia maji, lakini kabla ya maji angalia rangi inayobanduka madirishani kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978, na mpeleke daktari majibu ya maabara ya vyote viwili.